Tulishaagana, mashine ikaendelea kuandika

Mama, shikamoo.

Naomba jina langu lisitajwe, wala la shirika. Mimi ni katibu muhtasi katika shirika moja lisilo la kiserikali hapa Dodoma. Kwa miaka mingi kazi yangu kubwa imekuwa vikao: kupanga ajenda, kuita wajumbe, kuandika muhtasari, kufuatilia yatokanayo. Tuna ofisi ndogo Kigoma na nyingine Mtwara, kwa hiyo kikao cha Jumatatu hufanyika mtandaoni.

Mwaka jana Mkurugenzi aliagiza tuanze kutumia programu ya akili mnemba. Inaingia kikaoni kama mjumbe mwingine, inarekodi sauti, inaigeuza kuwa maandishi, halafu inatoa muhtasari: nani kasema nini, kipi kimeamuliwa, nani atekeleze na kabla ya lini. Na kweli imenipunguzia kazi. Zamani muhtasari wa kikao kirefu ulinila siku nzima. Siku hizi hata chai sijamaliza, rasimu imeshafika kwenye barua pepe. Tulikubaliana kwamba rasimu ije kwangu peke yangu kwanza, niisome, niisahihishe, ndipo niisambaze kwa wajumbe.

Kusahihisha kwenyewe si haba. Tukisema tukutane saa nne asubuhi, mashine inaandika 4:00, na mgeni akiisoma ataamka alfajiri. Kuna mjumbe tunamwita kwa jina la mwanawe, Baba Fulani, basi mtoto wa watu akaorodheshwa kuwa amehudhuria kikao. Hayo nimeyazoea.

Lililonileta kwako ni hili. Jumatatu moja mwezi huu kikao kilifungwa, tukaagana, kila mmoja akatoka. Nami nikatoka. Mkurugenzi na Mhasibu Mkuu huwa wanakaa pamoja ofisini kwa Mkurugenzi na kutumia kompyuta moja. Inaelekea wao hawakufunga. Wakaendelea kuongea, na mashine ikaendelea kuandika.

Rasimu ilipofika niliisoma kuanzia juu kama kawaida yangu. Baada ya Mengineyo nikakuta kichwa ambacho hakikuwa kwenye ajenda, "Masuala ya Watumishi", na chini yake mstari huu: imeamuliwa kwamba mkataba wa fulani hautahuishwa utakapoisha mwezi Juni kutokana na ufinyu wa bajeti, Mhasibu aandae stahiki zake. Aliyetajwa kuwa msemaji ni Mkurugenzi.

Huyo fulani ni rafiki yangu. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyekaa jikoni kwangu mpaka matanga yakaisha. Analea watoto peke yake. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja na umekuwa ukihuishwa kila mara bila maneno, kwa hiyo hana wasiwasi wowote. Hana wasiwasi kiasi kwamba ameomba mkopo SACCOS apaue nyumba yake kule Nala, na mdhamini aliyemchagua ni mimi. Fomu iko kwenye mkoba wangu. Inatakiwa irudi kabla ya mwisho wa mwezi.

Ile sehemu niliikata, nikasambaza muhtasari wa kikao chenyewe tu. Lakini rasimu nzima bado ipo kwenye akaunti ya ofisi, na sauti ipo. Sauti sijaisikiliza. Mkurugenzi hajaniuliza chochote, na nadhani hajui.

Mume wangu anasema hayo hayanihusu, ninyamaze, nisije nikapoteza kazi kwa maneno ya mashine. Wifi yangu anasema kama ni rafiki wa kweli ningeshamwambia siku ileile. Nikimwambia, kila mtu atajua imetoka kwangu, maana rasimu haimfikii mtu mwingine. Nikinyamaza, nitasainije ile fomu? Na nisiposaini, nitampa sababu gani?

Kuna na jingine, dogo labda. Tangu mashine ianze kukaa kikaoni, wenzetu wa Kigoma wamekuwa mabubu. Zamani walikuwa wanasema wazi gari limekufa, fedha za mafuta zimechelewa, wanakijiji wamekasirika. Sasa kila wiki ni "kazi zinaendelea vizuri". Nami naanza kujiuliza nafasi yangu itabaki wapi.

Nishauri, Mama. Usingizi umepotea.

Mwenye fomu mkobani,
Dodoma

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma taratibu, kwa sababu ndani yake kuna mambo matatu yaliyosukwa pamoja: siri iliyokufikia bila kuitafuta, rafiki ambaye siri hiyo inamhusu, na saini yako. Mume wako anaongelea la kwanza, wifi yako anaongelea la pili. La tatu umeachiwa wewe peke yako, na nafikiri ndilo linalokunyima usingizi.

Nianze kwa kukuondolea mzigo mmoja. Hukuchungulia. Kusoma rasimu yote kuanzia juu mpaka chini ni kazi uliyopewa, na usingeweza kujua mstari haukuhusu mpaka uwe umeshausoma. Umekata sehemu ambayo haikuwa ya kikao na ukailinda isisambae. Hapo ulifanya kazi ya katibu, na uliifanya vizuri.

Sasa niruhusu nikuulize swali ambalo mume wako na wifi yako wote wameliruka. Una hakika gani kwamba unakijua unachodhani unakijua?

Programu hizi hufanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza husikiliza na kuandika maneno, kisha sehemu nyingine inayachukua maandishi hayo na kuyatungia muhtasari. Kosa linaweza kuingia kwenye hatua yoyote, na la hatua ya kwanza hubebwa hadi hatua ya pili bila mtu kuliona. Umeshayaona makosa ya kusikia wewe mwenyewe. Hebu jitamkie kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejiegemeza kwenye kiti mbali na maikrofoni: "tumuongezee", halafu "hatumuongezei". Silabi ya mwanzo ikimezwa kidogo, au irabu ya mwisho ikafifia, mashine ina uwezo wa kuandika kinyume kabisa cha kilichosemwa. Hata kwa Kiingereza, lugha iliyofundishiwa mashine hizi kwa wingi kuliko zote, mambo hayajanyooka. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Cornell, walichapisha uchunguzi wao wa Whisper, programu ya kampuni ya OpenAI inayogeuza sauti kuwa maandishi. Waligundua kuwa takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti walivyovipima vilitoka vikiwa na maneno au sentensi nzima ambazo hakuna aliyezisema, na kwamba hilo lilitokea zaidi pale msemaji anaponyamaza kwa kitambo. Watu wawili wanaowaza jambo zito ofisini hunyamaza sana.

Halafu kuna suala la nani kasema. Umeniambia Mkurugenzi na Mhasibu hutumia kompyuta moja. Kwa kawaida programu hutambua msemaji kwa akaunti aliyoingilia, kwa hiyo watu wawili walio mbele ya maikrofoni moja wanaweza kuandikwa kama mtu mmoja. Sentensi iliyopewa jina la Mkurugenzi huenda ilitoka kinywani mwa Mhasibu, na mhasibu anayependekeza kupunguza mshahara mmoja ni jambo la kawaida katika kazi yake. Jibu alilopewa linaweza kuwa limepotea.

Lakini linalonisumbua zaidi ni lile neno "imeamuliwa". Mashine imeagizwa itafute maamuzi na wa kuyatekeleza, na ikishaagizwa hivyo itayapata hata mahali ambapo watu walikuwa wanawaza tu kwa sauti. Wewe umeshakaa kwenye vikao vya kutosha kujua kwamba kiongozi anaweza kusema "basi tumwondoe fulani" kwa uchovu wa kuhesabu fedha zisizotosha, na kesho yake akawa amepata njia nyingine. Katibu aliyepo chumbani huisikia sauti, huona uso, na hujua hilo halikuwa azimio. Wala mazungumzo ya watu wawili baada ya kikao kufungwa si kikao, hayana akidi wala ajenda. Mashine imeyavalisha nguo za muhtasari, na nguo hizo ndizo zimekutisha.

Simaanishi kwamba ni uongo. Tangu Marekani ilipositisha misaada yake mwanzoni mwa mwaka 2025, mashirika mengi hapa nchini yamepunguza watumishi, na barua yako inataja ufinyu wa bajeti. Inawezekana kabisa ni kweli tupu. Ninachosema ni kwamba ulicho nacho ni dokezo zito, na kati ya dokezo na habari kuna umbali ambao maisha ya mtu yanaweza kuanguka ndani yake.

Hapo ndipo utaniuliza: je, nisikilize sauti nihakikishe? Nimelifikiria hili kwa muda mrefu. Upande mmoja unasema ni bora ujue ukweli kabla ya kufanya lolote linalomgusa rafiki yako. Upande mwingine unasema kwamba kusoma rasimu kulikuwa wajibu wako, ila kufungua sauti ya watu waliodhani wako faragha, ukijua hawajui, ni tendo la kuchagua. Mpaka sasa unaweza kumtazama Mkurugenzi machoni na kusema "nilikutana nayo nikiwa kazini". Ukishasikiliza, sentensi hiyo huwezi tena kuisema yote. Pia programu nyingi za ofisi huhifadhi kumbukumbu ya nani kafungua faili gani na lini. Mimi ningesita. Lakini sikai kwenye kiti chako, na ukiamua kusikiliza kwa sababu huwezi kumhukumu mtu kwa maandishi yenye mashaka, nitakuelewa.

Tuje kwa rafiki yako. Wifi yako ana hoja nzito kuliko anavyoieleza, na sitaki kuipunguza. Ni sasa ambapo rafiki yako anaweza kusimamisha mkopo, kutafuta kazi, kupanga ada za watoto. Mwezi Juni atakuwa amechelewa. Tena kuna upande wa sheria ambao huenda hata yeye haujui. Kwa kawaida mkataba wa muda maalumu huisha wenyewe tarehe yake ikifika. Hata hivyo, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi mwenye sababu za msingi za kutarajia kuhuishiwa mkataba, kwa mfano kwa sababu umekuwa ukihuishwa siku zote, anaweza kudai kwamba kumnyima ni kuachishwa isivyo haki, na malalamiko hayo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kwa maana hiyo miaka yote hiyo ya kuhuishiwa "bila maneno" ina uzito. Afisa kazi au wakili ataweza kumfafanulia kwa mkataba wake hasa.

Ila fikiria utakachomkabidhi ukimwambia usiku huu. Utampa nusu ya habari, isiyothibitishwa, ambayo hawezi kuitumia bila kukutaja. Je, ataweza kukaa nayo kimya mpaka Juni? Wewe unamjua, mimi simjui. Kuna watu wakipewa jambo kama hilo hulihifadhi kwa miezi. Wengine, na si kwa ubaya, asubuhi wako mlangoni kwa Mkurugenzi wanalia. Na ikitokea kwamba Mkurugenzi alikuwa bado anatafuta njia ya kumbakiza, mlango unaweza kufungwa kwa sababu ya kelele hiyo. Wewe nawe utakuwa umevunja siri ya ofisi, na katibu muhtasi aliyevunja siri mara moja hupata shida kuaminiwa tena, hata na wale waliofaidika.

Kunyamaza nako, mwanangu, si kukaa pembeni. Mume wako anakutakia usalama na namheshimu kwa hilo. Angekuwa na hoja imara kama fomu isingekuwepo mkobani. Lakini fomu ipo. Ukisaini ukiwa kimya, unajifunga kulipa deni ambalo una sababu ya kuhofia kwamba litakuangukia, na unamwacha rafiki aezeke paa kwa fedha asizojua kama zitarudi. Usiposaini na ukanyamaza, utamfanya aamini kwamba humwamini, wakati ukweli ni mwingine kabisa.

Katika vyote ulivyoniandikia sikuona njia ya kuirudisha siri kwa wenyewe, yaani kwenda kwa Mkurugenzi. Pengine umeifikiria ukaogopa. Nadhani inastahili kuangaliwa vizuri kabla hujaiacha. Maneno yanaweza kuwa mafupi: "Mzee, Jumatatu ile programu haikuzimwa baada ya kikao. Rasimu ilikuja na mazungumzo yenu ya baadaye, yakiwemo yanayomhusu mtumishi. Mimi ndiye niliyeisoma, nimeyaondoa, hayajasambazwa. Sauti ipo kwenye akaunti ya ofisi na sijaifungua. Nimeona nikuambie." Hapo hujamshtaki mtu wala hujaomba kitu. Umempa nafasi ya kusema "hilo halijaamuliwa", au "ni kweli, na nitamwita wiki hii". Akisema la pili, unaweza kuongeza ombi moja la kibinadamu: kwamba mtumishi huyo ana mambo makubwa anayoyapanga, na ingemfaa kuambiwa mapema. Huhitaji kutaja mkopo wake, hiyo ni siri yake.

Nakuomba usiingie mlango huo ukidhani hauna hatari. Mkurugenzi anaweza kuaibika, na mtu mzima aliyeaibika wakati mwingine hukasirikia aliyemwona. Anaweza kudhani kwamba ulifanya makusudi. Hatari kubwa zaidi ni kwamba anaweza kukwambia, "Futa, na hili lisitoke hapa." Ukishaitikia "sawa, Mzee", utakuwa umefungwa kuliko ulivyo leo, kwa sababu leo hujaahidi chochote. Kwa hiyo amua kabla hujabisha hodi: akikutaka uahidi kunyamaza, utajibu nini? Unaweza kuahidi kutunza siri za ofisi, kisha ukasema wazi kwamba usingependa kuulizwa na mhusika ukalazimika kumdanganya. Ni sentensi ngumu kumwambia bosi. Jizoeze kuisema nyumbani kwanza.

Pia unampelekea jambo lenye faida kwake. Mwaka 2024 kule Marekani mhandisi mmoja alieleza hadharani kwamba baada ya kikao cha Zoom na kampuni ya wawekezaji, programu ya kuandika kumbukumbu ilimtumia kwa barua pepe maandishi yaliyojumuisha mazungumzo ya ndani ya wawekezaji hao, waliyoyafanya yeye akiwa ameshaondoka. Waliomba radhi, lakini aliachana na mpango wa kufanya nao biashara. Programu nyingi zinaweza kuwekwa zitume muhtasari kwa kila aliyealikwa, moja kwa moja. Ninyi mmenusurika kwa sababu mlikubaliana rasimu ipite kwako kwanza. Siku mtu akibadilisha mpangilio huo kwenye mipangilio ya programu, jambo kama hili litasomwa Kigoma na Mtwara kabla ya Mkurugenzi kufika nyumbani kula chakula cha mchana.

Kuhusu kufuta, usifute kimyakimya. Najua mkono unawasha. Taarifa hizo zinamhusu rafiki yako na zimetunzwa na shirika, kwa hiyo uamuzi wa kuzibakiza au kuziondoa ni wa shirika, si wako wala si wangu. Likija kuwa shauri, faili iliyopotea kupitia akaunti unayoisimamia itakuletea maswali mabaya. Unachoweza kufanya ndani ya mamlaka yako ni kuhakikisha kwamba hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kuifungua, na kusubiri maelekezo.

Lile uliloliita dogo, la wenzenu wa Kigoma kuwa mabubu, mimi naliona kubwa. Je, waliulizwa kabla ya mashine kuanza kurekodi sauti zao? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe mhusika kusudi lake na nani atazipata, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi, ambako ndiko mara nyingi ziliko seva za programu hizi. Hata huko zinakotengenezwa jambo hili halijatulia: Agosti 2025 kampuni ya Otter.ai ilifunguliwa kesi katika mahakama ya shirikisho huko California, ikidaiwa kurekodi mazungumzo ya watu ambao hawakuridhia. Lakini hata tukiiweka sheria kando, mtu anayejua kwamba kila neno lake litabaki limeandikwa jina lake pembeni hawezi kusema "nimeshindwa", "nina mashaka", "nadhani tumekosea". Atasema kazi zinaendelea vizuri. Halafu shirika litakuwa na mihtasari safi na halitajua gari la Kigoma limekufa.

Nawe unajiuliza nafasi yako itabaki wapi! Kumbuka mwenyekiti anaposema "hili tusiliandike", kalamu yako hulala. Kumbuka mara ambazo wajumbe wawili waligombana na wewe ukaandika "kulikuwa na majadiliano marefu", wakaweza kufanya kazi pamoja wiki iliyofuata. Ujuzi huo wa nini kiandikwe, kwa maneno gani, na nini kiachwe kipite, ndio uliokufanya uikate ile sehemu bila kuambiwa na mtu. Shirika lenu linauhitaji leo kuliko kabla ya mashine kuja. Unaweza kupendekeza mambo mepesi: mwenyekiti atangaze mwanzoni kwamba kikao kinarekodiwa na aulize kama kuna pingamizi, programu isimamishwe ikifika Mengineyo au suala la mtumishi, na wewe uwe mtu wa mwisho kutoka, baada ya kuifunga kwa mkono wako. Sijui kama ni busara kuyasema siku ileile utakayompelekea Mkurugenzi habari ya rasimu. Labda ndiyo, kwa sababu utakuwa unakuja na dawa pamoja na ugonjwa. Labda atahisi unamfundisha kazi. Wewe ndiye unayemjua.

Nimebakiwa na fomu. Hii nataka uitenganishe kidogo na siri, kwa sababu kuna swali ambalo mdhamini yeyote wa mfanyakazi mwenye mkataba wa mwaka mmoja alipaswa kuuliza hata kama hajasoma rasimu yoyote: mkataba usipohuishwa, deni litalipwaje? Una akiba kiasi gani? SACCOS wana bima ya mkopo, na je, inamlinda mtu akipoteza kazi au akifariki tu? Je, unaweza kupaua kwa awamu? Ni maswali ya haki, na katika mwaka kama huu kila mtumishi wa shirika anayajua. Yanaweza kumfanya rafiki yako asimame mwenyewe na kufikiri upya. Nakiri kwamba moyo wako utakusuta kidogo, maana utauliza ukiwa na jibu nusu mfukoni, na siku atakapojua anaweza kukuuliza: "Kumbe ulikuwa unajua?" Pima kama utaweza kumjibu, "Nilikuwa na mashaka ambayo sikuwa na haki ya kuyasema, nikakuuliza nililoweza." Kwa rafiki mmoja hilo linatosha, kwa mwingine halitoshi.

Na kama Mkurugenzi hatasema kitu, na tarehe ya fomu ikafika? Una haki ya kumwambia rafiki yako kwamba mwezi huu huwezi kudhamini, na kwamba sababu huwezi kuitaja. Si mwanamke mjinga. Anaweza kuelewa zaidi ya ulichosema, na huenda ndani ya nafsi yako ndicho unachotaka. Jiulize hilo kwa uaminifu kabla ya kutamka, kwa sababu kumwonyesha mtu kwa makusudi ni karibu sawa na kumwambia. Lakini kama ulisema hivyo kwa sababu kweli huwezi kusaini ukiwa na mashaka hayo, basi umelinda saini yako, na atakachokisoma usoni mwako ni chake.

Zungumza tena na mume wako ukiwa na fomu mezani, maana deni likianguka litaanguka nyumbani kwenu nyote wawili, na sidhani kama aliliona hilo alipokwambia unyamaze. Kisha niandikie, hata kwa mistari miwili, unijulishe umechagua kuanzia wapi.